Mlinzi wa Njia Panda ya Quionga

Siku yangu ya kwanza kazini Mkurugenzi alinikabidhi kipimo cha upepo na kuniambia nipunguze upepo wa matairi. Nilikuwa na shahada ya jiografia na shati lililopigwa pasi, nami nilitii kwa ukamilifu wa msomi: nilipunguza upepo wa pikipiki zote uani, na wa gari lake pia. Alilitazama gari lililolala chini kama kuku anayeatamia.

"Doutor," aliniambia, "pikipiki zinakwenda mchangani. Mimi nakwenda benki."

Jina la Doutor, yaani msomi kwa Kireno, likanishika mpaka nilipoacha kazi.

Ilikuwa Palma, miaka ile gesi imegunduliwa baharini na mji umejaa wageni wasiojua la kufanya na Jumamosi zao. Mkurugenzi, mtu wa Beira aliyekuja kuuza jenereta, akanunua pikipiki za matumizi mawili, yaani zenye taa na vioo vya barabarani lakini matairi ya meno na shokapu ndefu za porini, akatangaza safari za kulala kwenye mahema. Kazi yangu ilikuwa kupanga: njia ipi, maji wapi, petroli kiasi gani, nani atamwomba mkuu wa kijiji ruhusa ya kulala. Watu hudhani safari kama hizo ni kuendesha. Kuendesha ni sehemu ndogo. Kubwa ni kukaa mezani na kuogopa kwa niaba ya wengine, na kwa hilo nilikuwa na kipaji.

Niwaeleze kanuni moja. Pikipiki za msafara hazionani, vumbi haliruhusu. Kwa hiyo kiongozi akifika njia panda, anayemfuata husimama hapo kuwaonyesha wenzake upande wa kupita. Haondoki mpaka amwone dereva wa mwisho, ambaye tulimwita mfagizi. Mkurugenzi alilirudia hili kila asubuhi ya safari, kidole juu: "Hata nyoka akipanda buti lako, unamsubiri mfagizi."

Aliyemfuata kiongozi, yaani mlinzi wetu wa njia panda, alikuwa Amade, fundi wa karakana, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiopumzika.

Mwaka ninaousema, maneno yalikuwa yameanza kutoka upande wa kusini, Mocímboa. Vijiji vimechomwa. Wavamizi walikuja kwa miguu, wengine wakasema kwa pikipiki. Kwetu kaskazini kulikuwa kimya, ila watu walikuwa wameacha kuitana kwa sauti barabarani. Nilimwambia Mkurugenzi tuahirishe safari ya Quionga.

"Umesikia nini huko?"

"Sijasikia kitu. Ndiyo maana."

"Doutor, wateja wameshafunga mizigo."

Tukaenda. Ufagizi siku hiyo alikuwa ameuomba mteja mmoja, mhandisi kutoka Maputo tuliyemwita Engenheiro, mtu mchangamfu. Alasiri tukafika mahali ambapo njia inagawanyika kwenye mikorosho: kushoto Quionga, kulia minazi na pwani. Amade akasimama. Mimi niliyekuwa kiongozi nikaendelea mbele.

Tulikuwa tunasimamisha mahema karibu na nyumba ya mkuu wa kijiji pale Engenheiro alipotokea, kutoka upande wa bahari.

"Nimepata njia ya mkato!" alisema. "Pwani kote, mchanga mgumu kama lami!"

"Amade yuko wapi?"

"Amade yupi?"

Jua lilikuwa linazama. Mkuu wa kijiji alinishika bega. "Msiende wengi, mwanangu. Zikinguruma pikipiki nyingi saa hizi, watu wataingia porini. Aende mmoja, na kofia ngumu avue, uso uonekane." Nikageuka kuona nani amejitolea, nikakuta wote wananitazama mimi.

Njiani nyumba zilikuwa zimefungwa. Mbele ya moja kulikuwa na kinu, mchi ndani yake, unga bado haujatolewa. Moto ulikuwa unafuka jikoni na hapakuwa na mtu. Sijawahi kuona kitu cha kutisha kama chakula kilichoachwa.

Kwenye njia panda ilisimama pikipiki ya Amade, kofia imening'inia kwenye kioo. Mchangani palikuwa na buti moja.

Nilizima injini. Nilitaka kumwita, nikawaza: je, akiitikia mwingine? Mwishowe nikafanya kama tunavyofanya kwetu mtu akiingia mahali asipojulikana: nikapiga hodi na kujitaja kwa wazazi.

"Hodi! Assalaam alaykum! Mimi Momade, mtoto wa Anli wa Palma. Mama yangu mtu wa hapa hapa Quionga!"

Sauti ikatoka vichakani: "Mama yake mama yako nani?"

"Bi Zaina, mfinyanzi!"

"Si amekufa?"

"Hajafa, anaumwa magoti!"

"Yote mawili?"

"Amade, toka huko!"

"Sitoki. Doutor hana sauti ya kutetemeka hivyo."

"Doutor anaogopa!"

"Haya," sauti ikasema. "Hapo nimekuamini."

Alitoka na mguu mmoja peku, mkononi chuma cha kufungulia matairi. Watu walikuwa wamesikia pikipiki pwani, mahali pikipiki haipiti, wakakimbia na watoto na mikeka. Walimvuta aende nao mpaka buti likamtoka. Akawaambia mfagizi hajapita.

"Ungekimbia, ndugu yangu!"

"Na Engenheiro angekuja akute njia tupu, apotelee kwa wavamizi?" Akaangalia nyuma yangu. "Yuko wapi?"

"Kambini. Anakunywa chai."

Amade akakaa chini mchangani. Nilidhani anacheka, mabega yalivyokuwa yanacheza. Hakuwa anacheka.

Tuliporudi Palma nilimwambia Mkurugenzi kila njia panda wasimame wawili. Akasema wawili wataonekana kama ulinzi, na wateja wataogopa.

"Na sisi tukiogopa?"

"Nyinyi mmeajiriwa."

Nikaacha kazi wiki hiyo. Naita kustaafu, ingawa nilikuwa bado na meno yote. Haukupita muda mrefu hata barabara zenyewe zikaacha kupokea wasafiri, na wengi wetu tukapita humo tukikimbia, mizigo kichwani.

Majuzi vijana wawili walinijia, wanataka kuanzisha tena safari hizo. Waliuliza habari za petroli na mahema. Nikawauliza nani atasimama njia panda. Mmoja akasema watatumia redio. Nikamwambia redio haimshiki mtu mkono.

Walipoondoka nikampigia simu Amade, ambaye sasa anakaa kijiji cha Quitunda na kutengeneza pampu za maji. Nikamwuliza kama angekubali kusimama tena.

"Kama mfagizi ni wewe," alisema.

Nikamjibu kwamba nimestaafu.