Jibu la Nne

Miaka ishirini na mbili Bi Mashine, karani wa mahakama, amepiga chapa maneno ya mawakili, na mpaka leo hajaona wa kumvulia kofia. Wenyewe hujiita wasomi. Wasomi! Mkalishe mmoja wao na mtoto dakika tano uone vituko. Yeye kalea wanne na wajukuu juu, asimbabaishe mtu.

Siku hiyo aliletwa binti wa miaka saba, miguu haifiki sakafuni. Alimwona mpangaji wa chumba cha pili akimpiga mama yake kwa nondo. Mwingine aliyeona hakuna, na mama mwenyewe yuko wodini, hata jina lake halikumbuki. Mtoto akiyumba, mpangaji anarudi nyumbani, mlango kwa mlango na huyo huyo mtoto.

"Nani alimpiga mama?" wakili wa mpangaji akauliza.

"Anko wa chumba cha pili."

"Una uhakika? Nani?"

"Anko."

Akauliza mara ya tatu, sauti juu. Mtoto akatazama viatu vyake, kimya. Mara ya nne akanong'ona, "Sijui."

Wakili akachekelea. Kamshinda mtoto wa miaka saba, hongera baba! "Mheshimiwa, shahidi hajui. Karani aandike hilo."

Ndivyo walivyozoea pale: swali likirudiwa, huandikwa jibu la mwisho tu, eti kuokoa karatasi.

"Nisomee," hakimu akasema.

Bi Mashine akasoma yote, swali kwa swali, kuanzia la kwanza, hata ule ukimya.

"Nani kakutuma uandike yote?" wakili akafoka.

"Nimeajiriwa kuandika, mwanangu, si kuchagua."

Hakimu akavua miwani, akamwinamia mtoto. "Binti yangu, mbona mwishoni ulisema hujui?"

"Mwalimu akirudia swali, ujue umekosa. Nikabadilisha."

Lahaula! Majoho yote yale, na hakuna aliyelijua hilo.

"Hukukosa," hakimu akasema. "Nani alimpiga mama?"

"Nikisema, hamtaniuliza tena?"

"Hatutakuuliza."

Mtoto akanyoosha kidole kwa mpangaji. "Yule."

Bi Mashine akaandika. Kisha akamkazia macho wakili, vidole juu ya mashine, akisubiri swali lake la tano. Wakili akakaa chini.