Sura za wavuvi zilizokwama ndani ya mashine moja Sori

Saa mbili asubuhi, Lynnet Omanga anainama na kutega sikio juu ya kompyuta ya ofisi, kama muuguzi anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Mashine inakwaruza, inanyamaza, kisha inakwaruza tena.

"Ikinyamaza kabisa, tumekwisha," anasema bila kuinua kichwa.

Lynnet, mwenye umri wa miaka 34, ni karani wa ushirika mdogo wa wavuvi hapa Sori, Kaunti ya Migori. Mashine hiyo ya miaka kumi na moja imebeba picha za wanachama 1,206, kila mmoja alivyopigwa siku aliyojiandikisha. Nakala nyingine hakuna. Ukiuliza ni kosa la nani, kila mtu ofisini anatazama dari.

Taabu ni kwamba picha hizo si mafaili ya kukopi tu. Zimehifadhiwa ndani ya hifadhidata, zimebanwa pamoja na jina la mtu, namba yake ya uanachama na jina la mtumbwi wake. Programu iliyokuwa ikizionyesha ilikataa kufunguka mwaka jana, na aliyeitengeneza hapatikani kwa simu. Lynnet amejaribu kuikopi hifadhidata nzima, lakini diski ni mbovu na kila mara hukwama katikati.

Kwa hiyo yeye, aliyesomea kompyuta mjini Rongo, aliandika programu fupi ya kutoa picha moja baada ya nyingine na kuiweka kila moja kama faili lake kwenye flashi.

Angeifanya kazi hiyo taratibu. Lakini siku kumi na mbili zilizopita mtumbwi ulipinduka, na Jacktone Ochieng, kijana wa miaka 26, hajaonekana hadi leo. Nyumba ya mama yake, Roselyn, ilisombwa na mafuriko pamoja na kila picha iliyokuwamo. Simu ya kijana ilizama naye. Wenzake wamepekua simu zao na kupata mgongo wake tu, akivuta wavu.

Familia imekata shauri. Jumamosi watazika tunda la yago, lile refu la mti wa mvungunya, badala ya mwili, kama desturi inavyotaka mtu anapopotelea majini. Roselyn anataka jambo moja tu, waombolezaji wauone uso wa mwanawe.

Jumatatu Lynnet aliendesha programu yake kwa mara ya kwanza. Ilipomaliza alipiga makofi peke yake. Akafungua faili lililoandikwa Jacktone Ochieng, akachapisha tangazo la msiba na kulibandika mlangoni.

Kabla ya saa sita, mwanamume mmoja aliingia, tangazo lile mkononi. Alikuwa Jacktone Ochieng. Si kijana aliyepotea, bali mvuvi wa omena wa miaka 41, mzima wa afya, na picha ilikuwa yake.

"Lynnet, unataka kunizika?" aliuliza. "Bibi yangu ameona hii karatasi akaanguka chini. Sasa mimi nitaingia aje kwa maji?"

Lynnet aliichoma karatasi mbele yake na kumwomba radhi hadi sauti ikamkauka. Kisha akahesabu mafaili kwenye flashi. Yalikuwa 871. Picha 335 hazikuwapo.

Alikuwa ameyapa mafaili majina ya watu. Na huku kando ya ziwa, mtoto aliyezaliwa jua likiwaka ni Ochieng, au Achieng akiwa msichana, wa usiku ni Otieno, na majina ya ubatizo ni yale yale. Kina John Otieno peke yao ni tisa. Kila kompyuta ilipofikia jina ililokwisha kuliandika, iliweka picha mpya juu ya ile ya awali kwenye flashi, bila kuuliza mtu.

"Na mimi ni mtoto wa hapa hapa!" anasema Lynnet, akijigonga paji la uso. "Darasani tulikuwa na kina Achieng wanne. Nilisahau aje?"

Jioni ile mashine ilizimika yenyewe, na ikagoma kwa siku mbili. Leo Alhamisi imewaka. Mwenyekiti wa ushirika, Zadock, amemkataza kuigusa hadi fundi aje kutoka Homa Bay wiki ijayo.

"Ikifia mikononi mwako, utaambia nini watu elfu moja?" alimwonya.

Wiki ijayo mazishi yatakuwa yamepita. Lynnet ameamua kutomsubiri fundi.

Roselyn ameketi kwenye benchi, mikono mapajani. "Jaribu, nyara," anamwambia kwa upole, akimwita binti yangu kwa Kijaluo.

Lynnet anabofya. Safari hii kila faili litaanza na namba ya uanachama, na ameanza na 0613, namba ya Jacktone. Diski inakwaruza, inakaa kimya kwa muda wa kutisha, kisha faili linatokea.

Analifungua, na mguno unamtoka. Picha imetoka nusu. Nywele zipo, paji la uso lipo, macho mawili yapo. Kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu. Anarudia na kupata nusu ile ile. Mara ya tatu diski inatoa mlio ambao hajawahi kuusikia, naye anaiacha picha hiyo.

Anaogopa kugeuka, lakini Roselyn amekwisha simama nyuma yake.

"Ni yeye," anasema mama huyo. "Hayo ni macho ya baba yake. Chapa hivyo hivyo."

Kufikia saa saba picha zote zilizokubali kutoka zimetoka, na Lynnet amezikopi kwenye flashi tatu. Jumatatu anapanga kushuka ufuoni na simu yake awapige picha upya wale ambao sura zao zimekatika.

"Wako hamsini na wanane, nusu nusu kama Jacktone," anasema, akiikunja orodha. Anatazama ziwa kupitia dirishani. "Wengi wako kwa maji sasa hivi."