Ndugu wa Meli Moja

Nakiri, mwanangu, jambo nililolikana tangu nikiwa msichana wa chuo kikuu mpaka nywele zikaanza kunisaliti: Mabruki ni babu yangu. Hatuna naye hata tone moja la damu, lakini ni babu yangu, na kulikubali hilo kulinichukua miaka mingi kuliko shahada zangu zote.

Ngoja nikueleze kwanza Mabruki ni nani. Babu yake baba yangu, Feruzi, aliletwa Durban akiwa mtoto. Waingereza walikuwa wamelikamata jahazi la wauza watumwa, wakawatoa waliokuwamo, wakawapakia kwenye meli yao na kuwashusha hapa bandarini, wafanye kazi za mkataba. Watu wakawaita Wazanzibari, ingawa wengi wao Zanzibar waliiona kwa mbali tu, kama mimi ninavyoiona benki. Watoto wale hawakuwa na mama wala shangazi. Basi wakajiwekea sheria: mlioshuka meli moja ni ndugu. Watoto wenu ni ndugu, wajukuu wenu ni ndugu, na ndugu hawaoani. Mabruki alishuka meli moja na Feruzi. Alipokua alipata kazi ya kuchochea makaa melini, akaenda Australia, enzi zile bado ni makoloni ya Mwingereza, na hakurudi. Feruzi alizeeka akishuka bandarini kila ilipotia nanga meli ya kutoka huko, kuuliza.

Nakumbuka siku moja, nikiwa mwaka wa pili, nasoma historia. Na duniani hakuna kiumbe mwenye uhakika kama mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilichora nasaba yetu kwenye karatasi kubwa, kwa kalamu za rangi, nikaipeleka mtaa wa Chatsworth, hapahapa Durban, kwa Shangazi Zaituni, dada mkubwa wa baba. Nilitarajia sifa. Akaweka mwiko chini, akafuta mikono, akapitisha kidole juu ya majina, tawi kwa tawi.

"Mabruki umemweka wapi?"

Nikamweleza, kwa upole wa mtu aliyesoma, kwamba nasaba ni watu wa damu. Mabruki alikuwa rafiki wa familia. Nadhani nilisema pia neno "kisayansi", Mungu anisamehe.

"Na wewe hiyo damu umeiona lini?" akaniuliza.

Akaikunja karatasi yangu, akanirudishia, akaendelea kupika. Chakula alinipa, maana njaa ya mpumbavu nayo ni njaa, lakini habari za ukoo hakuniambia tena kwa miaka mingi. Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Nilikuwa nimeuandika msemo huo kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Kuuandika na kuujua ni vitu viwili.

Maisha yakaenda. Nikawa mwandishi wa insha, kazi ambayo mama yangu aliwaelezea majirani kwa kusema nafundisha. Miaka ya karibuni nikaanza kuwatafuta watu wetu waliovuka kwenda Australia, nikikaa nyumbani kwangu Overport mbele ya kompyuta. Siku hizi mengi yamewekwa wazi: orodha za mabaharia, za abiria, vitabu vya hospitali, magazeti ya zamani. Lakini tahadhari, mwanangu. Makarani wa kikoloni waliandika Mzungu kwa majina matatu na jina la kijiji cha mama yake. Mchochea makaa mweusi walimpa jina moja, na la pili wakamwandikia Zanzibar. Nilipata akina Mabruki Zanzibar wengi mno, kila bandari na wake. Mmoja alipigana, mmoja alikimbia meli, mmoja aliuza matunda. Niliwapenda wote, hasa yule wa matunda, na nilitaka sana awe wetu kwa sababu angenipa insha nzuri. Ogopa kile unachotaka kukikuta.

Wetu alikuwa yule asiye na hadithi. Alishushwa mgonjwa kwenye bandari ndogo ya magharibi mwa Australia, akafa hospitalini kwa homa ya mapafu, akazikwa pembezoni mwa makaburi ya mji. Alipoulizwa ana nani, alijibu kwamba ana ndugu yake, Feruzi, mjini Durban. Nilisoma mstari ule nikainuka, nikazunguka meza. Nikampigia simu Shangazi. Alikuwa ameshapita miaka themanini, miguu inakataa, lakini sikio zima. Akasema, "Alhamdulillahi. Sasa yuko salama?"

Hakuwa salama. Mji ule ulikuwa unapanua barabara, na makaburi ya pembezoni yangehamishwa. Halmashauri yao ilitangaza kwamba mabaki yatakayodaiwa na jamaa yatazikwa upya kwa dini ya marehemu. Yasiyo na mwenyewe yatachomwa, na majivu kuwekwa pamoja mahali pamoja. Waislamu wa mji ule walijitolea kumchukua Mabruki, wakaambiwa sheria inamtaka mtu wa ukoo, tena wa damu. Na siku za kudai zilikuwa zinakwisha.

Wewe huenda hujui kuchomwa ni nini kwa mzee wa kwetu. Shangazi aliposikia, alinitaka nirudie, nikarudia. Alikuwa amemwahidi baba yake, mzee akiwa katika kukata roho, kwamba Mabruki hataachwa kutafutwa. Na sasa nilikuwa nimempata, kwa ustadi wangu wote, ili achomwe.

Basi nikawa na akili. Nilimwambia Shangazi mambo ni mepesi: kitabu cha hospitali chenyewe kimeandika kwamba Feruzi ni nduguye. Tukiulizwa, tunasema ndiyo. Hatuongezi neno. Nani ataenda kupima damu ya watu waliokufa kabla ya nyanya za hao wa halmashauri kuota meno?

"Sisemi damu," akajibu.

Nikambembeleza. Nikamkumbusha moto. Hata nikapandisha sauti, jambo ambalo sikuwahi kulifanya mbele yake na sitalifanya tena. Akanisubiri nimalize.

"Nikisema ni wa damu, nitakuwa nimekubali kwamba siku ile, wewe na makalamu yako ya rangi, ulikuwa na haki. Hukuwa na haki. Washa hiyo simu."

Tukaongea na mama mmoja wa halmashauri, kwa video, asubuhi ya hapa na alasiri ya kwao. Mwanamke mpole, amechoka, miwani imening'inia kifuani. Akauliza uhusiano. Shangazi, kwa Kiingereza chake kilichonyooka cha shule ya zamani, akamweleza meli, watoto, sheria yao. Yule mama akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema, kwa masikitiko ya kweli, kwamba hiyo ni habari nzuri sana lakini fomu haina nafasi yake. Nilifumba macho. Nilijua. Nilikuwa nimesema.

Ndipo Shangazi akasema kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia, wala baba yangu hakuwahi kukisikia.

"Nilikuwa na mchumba," alisema. "Yusufu. Alikuwa fundi cherehani, mtu mzuri. Babu yake alishuka meli hiyohiyo. Wazee wakatuita, wakasema nyinyi ni ndugu, hamuoani. Nililia, nikatii. Tangu hapo sikuolewa. Sasa nieleze, mwanangu: undugu huu uliweza kuninyima mume. Leo hauwezi kumpa mtu kaburi?"

Yule mama alivaa miwani, akaivua. Akasema hana uwezo wa kuamua, atalipeleka kwenye kikao, na jibu atalileta yeye mwenyewe kwa simu. Simu ikakatika. Nilitaka kuuliza habari za Yusufu, nikatazamwa jicho moja tu, nikaenda kuchemsha chai.

Zikafuata siku za kukaa na simu mkononi kama mgonjwa na dripu. Nilikwenda kusukwa kwa Mama Gloire, Mkongo mwenye saluni karibu na kwangu, nikashindwa kutulia kitini. Kila mlio nilishtuka, naye kila mara akaanza upya.

"Eish, dada. Ule mutu alikufa zamani vile, juu ya nini anakusumbua?"

Nikamwambia. Akagawa fungu jingine la nywele.

"Mimi mudogo wangu tulimuzika mu njia, wakati wa kukimbia," akasema. "Leo hata pahali sijue. Kama mutu mumoja angeniuliza juu yake, ningefunga saluni nikimbie."

Hakunitoza pungufu, lakini alinisuka bila kunivuta.

Sasa nasaha, mwanangu, na nitaitoa kabla ya kukumalizia habari, kwa sababu nikishafika kule sitakuwa na sauti ya kuhubiri. Tafuta watu wako. Pekua nyaraka za wakoloni, zina mengi, na usizidharau kwa kuwa waliziandika wabaya. Mwenye kiu hamwulizi mchimba kisima tabia zake. Lakini karani aliandika alichokiona kutoka juu ya gati. Waliokuwa chini walijuana kwa namna nyingine. Kabla hujamkata mtu kwenye nasaba, uliza aliyemlilia ni nani, na aliyelipia undugu huo alilipa nini. Na ukweli wako, hata ukiwa hauna nafasi kwenye fomu ya mtu, useme mzima. Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nilikuwa tayari nimeshaipimia hatua. Mungu akupe wa kukuulizia ukiwa mbali, akuepushe na uhakika wa mwaka wa pili, na popote utakapoangukia, asikosekane mtu wa kusema: huyu ni wetu.

Simu iliita siku ya mwisho ya kudai. Nilikuwa Chatsworth. Shangazi alikuwa kitini, vidole kwenye tasbihi, na nilipoona namba ndefu ya ng'ambo nilishindwa kuibonyeza; akaninyang'anya. Akaisikiliza. Uso wake haukuniambia kitu. Nikaisogelea ili nami nisikie, na sauti ya yule mama ikaja, ya taratibu, kama ya mtu aliyesimama mlangoni mwa msiba. Alisema watu wa msikiti wako tayari tangu asubuhi. Wangechimba kama wanavyojua wao, lakini yeye ameona ni heshima jamaa waulizwe. Alazwe aelekee upande gani?

Shangazi akainua mkono, akauelekeza kaskazini, kule tunakoelekea sisi tukisali hapa Durban.

"Si huko, Shangazi," nikamnong'oneza. "Kwao Kibla ni magharibi, na kaskazini kidogo."

Akaushusha mkono taratibu. Akafikiri.

"Magharibi, mwanangu," akamwambia yule mama, "na kaskazini kidogo. Huko ndiko Kibla. Na sisi pia tuko upande huo."