Siku ya Kumimina, Ebenezer Huondoka Nyumbani

Saa moja kasoro asubuhi, Jumatatu ya pili ya Januari, Ebenezer Nanyaro anafukuzwa nyumbani kwake.

Anafukuzwa kwa adabu. Mkewe, Anande, amemfungia chupa ya chai, ndizi nne za kuchoma na mwavuli, na sasa amesimama mlangoni kuhakikisha hasahau koti. Mzee huyo wa miaka sitini na mitatu anatazama juu, Mlima Meru umejifunika mawingu hadi kiunoni, kisha anauliza kama saa kumi kazi itakuwa imekwisha.

"Saa kumi na moja, Baba Kaanaeli," anajibu mkewe. "Na usije kabla. Msalimie shemeji."

Ebenezer anateremka njia ya migombani kwenda kutafuta gari la Ngongongare, barabara ya kwenda Momela, anakoishi kaka yake Naftali. Hana kinyongo. Hufukuzwa hivi mara nne kila msimu, na leo amevaa hata kofia yake ya kanisani.

Akishapotea kwenye kona, Anande anatoa ufunguo uliofungwa kwenye ncha ya kanga yake na kufungua kufuli la stoo. Kazi imeanza.

Hapa Nkoaranga, kwenye miteremko ya Meru, watu wanamfahamu Anande kwa mambo mawili: sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na matunda. Mwanamke huyu wa miaka hamsini na saba huchukua pichesi na plamsi za msimu na kuzihifadhi kwenye pombe kali, nyumbani kwake, chupa baada ya chupa. Yeye mwenyewe hajaonja pombe tangu mwaka 2013. Mumewe naye hajaonja tangu mwaka huohuo, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Ufundi huu aliupata Njiro, alikofanya kazi ya upishi miaka kumi na moja kwa bibi mmoja wa Kigiriki, mzaliwa wa hapahapa Arusha. Kila Desemba bibi yule aliagiza plamsi, akazizamisha kwenye pombe na sukari, akazificha kabatini hadi baridi ya Julai. Wageni wakija, kila mmoja alipewa tunda moja kwenye kisahani kidogo. Mwaka 2016 bibi alifariki na Anande akarudi Nkoaranga akiwa na masufuria mawili, mzani wa jikoni na kitu hicho kimoja anachokijua.

Alianza na jamu. Chupa moja iliuzwa shilingi elfu tano, na majirani wakaona hata hiyo ni ghali, maana kila mtu ana mpichesi nyuma ya nyumba. Ndipo mwokaji keki mmoja wa Njiro, Soila, alipomuuliza kama anajua kutengeneza matunda ya pombe kwa ajili ya keki za harusi. Anande alijua sana. Tatizo lilikuwa moja, na lilikuwa likikamua ng'ombe nyuma ya nyumba.

Ebenezer ni fundi mwashi. Nusu ya nyumba za mawe unazoziona ukipanda kwenda Nkoaranga zina mkono wake. Lakini kwa miaka mingi fedha ya mawe iliishia kwenye gongo. Siku binti yao Kaanaeli alipopata kipaimara, baba yake alilala usingizi nje ya kanisa, kwenye majani, akiwa na suti, na waumini wakapita pembeni yake wakitoka ibadani. Binti alipita pia. Ebenezer hajanywa tena tangu jioni hiyo, na Anande akaacha naye, ingawa kikombe chake cha mbege kwenye sherehe hakikuwa kimemsumbua mtu yeyote.

Kwa hiyo alipotaka kuleta pombe ndani ya nyumba hiyo, ndugu walimwona amechanganyikiwa. Naftali alikuja na kumwambia wazi kwamba anamrudisha mdogo wake shimoni. Anande aliwasikiliza wote, kisha akamuuliza mwenye jambo.

Ebenezer aliomba wiki moja ya kufikiri. Alipomaliza kufikiri alitoa sharti moja tu.

"Nilimwambia asinifiche," anakumbuka. "Pombe niliyoificha mimi ndiyo iliyoniangusha. Nilikuwa nayo kwenye mchanga, kwenye matofali, kila mahali. Nikamwambia iwepo, lakini nijue ilipo."

Akajenga stoo kwa mikono yake, mawe na saruji, na dirisha dogo la wavu. Akaweka kufuli, na ufunguo akampa mkewe. Wakakubaliana kwamba siku ya kumimina, ambapo harufu hujaa nyumba nzima, yeye ataondoka.

Sehemu nyingine zote za kazi huzifanya pamoja. Jumamosi Anande hununua matunda soko la Tengeru na kuongezea ya miti yao mitatu, aliyoipanda mama mkwe wake. Anachagua yaliyoiva lakini yasiyobonyea. Huyaosha na kuyatandaza juu ya kanga kuukuu hadi yakauke kabisa, kwa sababu maji kidogo tu hupunguza nguvu ya pombe na tunda likachacha. Jioni huketi barazani, yeye na mumewe, wakiyatoboa moja moja kwa sindano ya kushonea magunia hadi sindano iguse kokwa.

Ebenezer hutoboa vizuri kuliko yeye, na anapenda kusema hivyo. Mashimo yake yamepangwa kwa mstari, fundi hasahau timazi.

Baada ya hapo matunda hupimwa, hupangwa kwenye chupa za kioo zenye mdomo mpana na kunyunyiziwa sukari nusu ya uzito wake. Hulala hivyo siku mbili, yakitoa maji yake taratibu. Jumatatu ndiyo siku ya kumimina. Pombe hufunika matunda na kuzidi kwa vidole viwili, kisha chupa hufungwa na kukaa gizani miezi sita. Julai, ukungu ukishuka hadi kwenye migomba na watu wakivaa masweta mawili, ndipo hufunguliwa.

Pombe yenyewe huitoa mjini, katoni mbili na ushee kwa kila siku ya kumimina. Mwaka wa kwanza alizipandisha zimefichwa ndani ya gunia la pumba, na chupa zikawa zinalia njia nzima. Mama mmoja wa kwaya aliyekuwa kwenye gari hilohilo alimpongeza kwa upole kwa kununua pumba zinazoimba. Siku hizi hubeba katoni zake wazi, na mchungaji anajua.

Kwa msimu hutengeneza chupa kama mia moja na sitini. Kila moja huuzwa shilingi elfu ishirini na nane kwa waokaji wa keki na nyumba mbili za wageni, na gharama zikitoka hubaki na elfu kumi na tatu hivi. Hazijamtajirisha, anasema, ila ndizo zilizomsomesha Kaanaeli uuguzi.

Mambo yalienda hivyo hadi Januari ya miaka minne iliyopita.

Kabla ya mwaka huo alitumia ndoo nyeupe za plastiki, na kilichotokea ndani alikijua Mungu mwenyewe. Msimu ule ndipo aliponunua chupa za kioo kwa mara ya kwanza. Akafurahi nazo kama mtoto na sare mpya. Siku ya kumimina alichukua kalamu ya wino mzito akachora mstari kwenye kila chupa, pale pombe ilipofikia, ili kila kitu kiwe cha kitaalamu.

Wiki ya tatu aliingia stoo na kukuta pombe imeshuka chini ya mstari, kidole kizima, katika chupa sita za mbele kabisa, zile za karibu na mlango.

Hakusema kitu. Anasema angesema, ingekuwa heri. Badala yake alianza kunusa. Alinusa kikombe cha mumewe kabla ya kukiosha, akanusa kola ya shati, akanusa na koti la zizini. Kisha akazihamisha chupa zile sita kwa jirani bila kumwambia Ebenezer, na akaongeza kufuli la pili.

Ebenezer aliona rafu tupu kupitia wavu wa dirisha, akiwa anapita na majani ya ng'ombe. Aliona na kufuli. Siku kumi na moja alizunguka nyumba yake bila kuuliza, akila nusu ya chakula chake, na Anande akaisoma ile nusu iliyobaki kama ushahidi.

Siku ya kumi na mbili alizungumza, mezani.

"Mama Kaanaeli, umenificha," alisema. "Kama unadhani nimekunywa, niambie nimekunywa."

Anande alimwambia. Anakiri alimwambia vibaya, pamoja na mambo ya kipaimara ambayo walishayazika. Mumewe hakubishana. Alimaliza chai, kisha akaomba jambo la ajabu: mkewe atengeneze chupa nyingine, ya matunda yaleyale na mstari uleule, aipeleke mbali, kwa mtu ambaye yeye Ebenezer hajui hata mlango wake.

Chupa ilikwenda Njiro, kwa Soila, ikafungiwa kabatini. Nyumbani Nkoaranga watu wawili walisubiri wiki tatu wakisalimiana kama wapangaji.

Soila alipopiga simu Anande alikuwa akimenya ndizi.

"Shikamoo mama. Hii chupa yako imeshuka. Kidole kizima, na ufunguo wa kabati ninao mwenyewe. Nadhani ni matunda, mama. Yamekunywa matunda."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kumimina tunda bado lina hewa, linaelea. Baadaye pombe huingia kwenye vile vishimo vya sindano, hewa hutoka, tunda huzama na pombe hushuka nalo. Kwenye ndoo za plastiki jambo hilo lilitokea kila mwaka bila mtu kuliona. Na chupa sita za mbele zilishuka kuliko nyingine kwa sababu zilikuwa za matunda aliyoyatoboa Ebenezer, mashimo marefu, yaliyopangwa kwa mstari, kila moja hadi kwenye kokwa.

Anande aliacha ndizi na maji yake, akaenda zizini. Anasema alikuwa na maneno mengi njiani, lakini alipofika alishika mlango wa zizi akalia. Mwisho alifungua ncha ya kanga, akatoa funguo zote mbili na kumnyooshea mumewe. Ziwe zako, alimwambia, kuanzia leo.

Ebenezer hakuzipokea. Alikuwa na mikono ya maziwa, lakini anasema hata ingekuwa mikavu asingezipokea.

"Nilimwambia ufunguo ukae kwake," anasema. "Mimi nataka kuaminiwa, sitaki kujaribiwa. Hivyo ni vitu viwili. Kufuli la pili tu ndilo nililomwomba atoe."

Kufuli hilo sasa linafunga zizi la ng'ombe. Chupa sita zikarudi kwenye rafu, na tangu hapo Anande huchora mistari miwili kwenye kila chupa, mmoja wa siku ya kumimina na mwingine wa wiki ya tatu. Ule wa pili huuita mstari wa Baba Kaanaeli. Wateja hudhani ni kipimo cha kitaalamu, naye huwaacha wadhani.

Saa tisa alasiri chupa ya arobaini inafungwa. Anande anavua gauni kuukuu ambalo huliacha stoo, ananawa mikono kwa sabuni na limau mara tatu, anafungua madirisha yote na kuanza kudeki. Mwandishi wa makala haya amepewa plamsi moja ya mwaka jana kwenye kisahani, kwa sababu za kikazi, na ameiona kuwa ni kazi nzuri sana.

Mvua nyembamba inaanza. Saa kumi na nusu Anande anainua kichwa kutoka kwenye ndoo ya maji na kutazama dirishani.

Ebenezer amerudi. Ameketi kwenye jiwe nje ya geti lake mwenyewe, amefungua mwavuli, mfuko wa parachichi kutoka kwa Naftali uko magotini. Haiti mtu. Saa kumi na moja haijafika.

"Unamwona?" anauliza Anande. "Nyumba ameijenga yeye, kila jiwe. Mara nne kwa mwaka anakaa nje kama mgeni, kwa sababu ya kazi yangu, na hajawahi kunung'unika. Mimi inanichoma."

Ndiyo maana amepata chumba cha kumiminia Kijenge, mjini Arusha, uani kwa dada mmoja mwokaji. Kodi ni shilingi laki moja na ishirini kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa pamoja. Ameshaweka akiba laki tano. Ebenezer amekwenda kukiona, akagonga kuta kwa vidole na kusema plasta ni mbaya, ataipiga upya mwenyewe kabla hata chupa moja haijaingia. Stoo ya hapa wataweka majani ya ng'ombe.

Anande anakamua tambara, anatandaza magunia makavu mlangoni ili mumewe akanyage, kisha anatazama tena saa ya ukutani. Bado dakika kumi na tano. Anakwenda kufungua mlango hata hivyo.

"Mwakani siku ya kumimina nitatoka mimi asubuhi, niende Kijenge," anasema. "Yeye atabaki nyumbani kwake. Na chai atanifungia yeye."