Camaro Iliyopakwa Mafuta

Bisimwa alizaliwa na kinyaa. Kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu kiliweza kumharibia siku nzima. Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo amelala chali chini ya Camaro ya mwaka 1978, gari la milango miwili lenye pua ndefu na injini ya kiburi, kutu inamdondokea machoni, na kiota cha panya kinamwagika kutoka kiti cha nyuma.

Gari alilitoa Buffalo, mji wa baridi kali huko kaskazini, mtaa wa Riverside, kwa mzee mmoja aliyeapa kwamba limelala gereji miaka yote. Labda gereji yenyewe ilikuwa inanyeshewa theluji. Chumvi inayomwagwa barabarani kule kuyeyusha barafu ilikuwa imeitafuna sakafu, na badala ya kukata bati lililooza, mtu fulani alikuwa ameikandikia mastiki nene, akapiga rangi nyeusi juu yake, akalala usingizi. Bisimwa alipogonga sakafu hiyo kwa nyundo, mastiki ilibanduka kama ganda la kidonda.

"Watu ya bure," alisema, akaenda kutema mate nje.

Lakini hakuliacha, kwa sababu gari hilo ndilo lingemtoa ghalani. Huko Bukavu alikuwa mpiga rangi wa magari, na watu wa mtaa wa Kadutu walipanga foleni kumngoja yeye. Hapa Louisville alikuwa mpakia maboksi, mmoja kati ya wengi waliovaa fulana za manjano, na jioni alirudi mtaani kwake Newburg na mgongo unaouma na hasira isiyo na pa kwenda. Kisha akapata namba ya Kiplagat, Mkenya aliyekuja kusoma uhasibu akaishia kufungua karakana ya magari ya zamani Gahanna, upande wa Columbus. Kiplagat hakuzungusha maneno.

"Kila mtu huniambia ni painter, bana. Mimi stori sitaki. Maliza hiyo Camaro, uniletee before mwezi iishe. Rangi ikiwa clean, unaanza kazi. Ikiwa na shida, kuna jamaa mwingine anangoja."

Basi Bisimwa alikata bati bovu, akachomelea jipya, akapiga msasa hadi vidole vikapoteza alama zake. Alifanya hivyo kila alipotoka kazini, ndani ya gereji ndogo nyuma ya nyumba aliyopanga, kwenye joto la Kentucky ambalo hukufanya unuke kabla hujafanya lolote. Jumamosi ya kupiga rangi ilipofika, aliliosha gari kwa sabuni ya vyombo, akalipangusa kwa dawa ya kutoa grisi, akavaa glavu. Alikuwa ameshika bunduki ya rangi mkononi aliposikia pambio uani.

Mke wake, Esperance, alikuwa ametangaza kwenye kikundi cha maombi kwamba leo ndiyo leo. Wakaja wote. Mbele yao Pasta Mizero, suti kamili, chupa ya mafuta ya upako mkononi.

"Papa Bonheur," alisema Pasta, akimwita kwa jina la mwanawe, "tunakuja kubariki kazi ya mikono yako."

Hapo Bisimwa angefungua mdomo tu, mambo yangeisha. Lakini nani kati yetu anamwambia pasta asiweke mkono? Mtu aliyekusimamia msiba wa mama yako, aliyekuja uwanja wa ndege na makoti wakati wewe umeshuka na kandambili? Bisimwa aliinamisha kichwa. Wakaingia. Viganja vilivyotoka kula sambusa vikatua juu ya boneti, juu ya paa, kwenye milango. Mama mmoja alilia machozi juu ya mlango wa dereva. Na Pasta, kwa bidii yake, akamimina mafuta kwenye ufa ulio kati ya kioo cha mbele na paa, ili baraka ifike hadi ndani kabisa. Bisimwa alitazama mafuta yakizama mle.

Walipoondoka alipangusa, akapangusa tena. Juu palitakata. Ndani ya ufa nani angefika? Alipoanza kupuliza, upepo wa bunduki uliyafukua mafuta na kuyarusha juu ya paa zima, na rangi nyekundu ikaanza kuyakimbia. Ilijikunja, ikaacha vishimo vya mviringo, vingi, vyenye bati katikati, kama ngozi ya mgonjwa wa tetekuwanga. Aliketi sakafuni. Alilichukia gari, akaichukia sambusa, akaichukia zaidi shingo yake iliyoinama.

Akaanza upya. Aling'oa kioo, akaosha ufa wote, akaondoa rangi hadi bati. Mwezi ulikuwa unaisha. Jumamosi iliyofuata, kwa kuwa Esperance alikuwa ameshatangaza kwamba rangi imekataa, pambio likasikika tena.

Safari hii Bisimwa alitoka akaufunga mlango nyuma yake, akasimama mbele yake na glavu zake.

"Hii gari iko na roho mubaya," alisema Pasta Mizero kwa upole. "Rangi haiwezi kukataa bure. Tuingie tuombe."

"Bon, Pasta, munisamehe. Muombe mukiwa hapo inje. Leo mutu hataingia."

Esperance alishika kiuno.

"Papa Bonheur, uko nafukuza watumishi wa Mungu?"

"Niko nafukuza mafuta," alisema Bisimwa, akaingia, akapiga komeo.

Rangi ilishika. Ilitulia nyekundu, laini, bila kidoa. Kabla mwezi haujaisha aliliendesha hadi Columbus peke yake, maana Esperance alisema hapandi gari lililokataa maombi. Kiplagat alilizunguka, akachuchumaa, akatazama taa za dari zilivyojionyesha kwenye boneti bila kupinda.

"Monday," alisema.

Basi kanisani Jumapili Bisimwa akaitwa mbele. Pasta alikwishaeleza jinsi kikundi kilivyokemea roho chafu kupitia mlango uliofungwa, na watu wakapiga makofi. Sasa atoe ushuhuda. Alishika kipaza sauti kilicholowa mate ya waliotangulia, akakisogeza mbali na mdomo.

"Ni mafuta ndiyo iliharibu ile rangi," alisema. "Mulipaka, ikakataa. Nikafunga mulango, ikashika. Ni ile tu."

Pasta Mizero alimtazama kwa huruma ya kweli, na hiyo huruma ndiyo ilimchefua kuliko yote.

"Tumuombee ndugu yetu," alisema Pasta.

Wakaja, wakamzunguka, viganja vikatua kichwani, mabegani, mgongoni. Cha Esperance alikitambua, kilikuwa shingoni. Chupa ikafunguliwa. Mafuta yakashuka utosini, yakapita nyuma ya masikio, yakaingia kwenye kola ya shati aliloosha mwenyewe, naye amefumba macho, anahesabu ni sabuni kiasi gani itamtosha usiku ule, kabla hajasogelea gari la mtu kesho karakanani.