Kikapu cha Mwalimu Avelina

Mwalimu Avelina wa Chonyonyo, Karagwe, ana hasira za karibu, na hakuna kinachomuudhi kama kuona mtoto wa mkulima akihurumiwa. Kwa hiyo alipoletewa kitabu cha hadithi kutoka Ulaya, alikisoma kwanza nyumbani, akasonya. Mvulana wa huko ana viatu vingi. Anampa jozi moja msichana wa Afrika asiye na viatu. Msichana analia kwa furaha, hadithi imeisha.

Hata hivyo aliwasomea wanafunzi wa darasa la sita, maana alitaka wajiulize kwa nini duniani wengine wana vingi na wengine hawana.

"Na msichana alimrudishia nini?" akauliza Adelgunda, mwanafunzi wa dawati la mbele. Hapa Karagwe kikapu cha zawadi hakirudi kitupu. Jirani akikuletea maharage, na wewe humwekea humo chochote ulicho nacho.

"Hakurudisha kitu," Mwalimu akajibu, amekunja uso. "Ndivyo walivyoandika."

Darasa zima likaguna. Adelgunda akaomba kitabu, akakifunua kwenye picha ya kwanza: baba wa mvulana amekaa mezani, anakunywa kahawa.

"Mwalimu, mbona kikapu chetu kilishaenda zamani?" akasema. "Kahawa si hii tunayoanika uani? Hivyo viatu ndiyo kikapu kinarudi."

Mwalimu Avelina alicheka mpaka akakaa. Kisha akainuka, akafuta ubao, akaandika swali la siku hiyo: Je, kimerudi kimejaa?