Fundi Fanueli na Kichwa cha Betri

Watu wa Usagara, pale Tanga mjini, walimjua Fanueli kwa jambo moja. Gari likiwa halichaji, akishalitengeneza hakuishia kukwambia kwamba limepona. Alikuonyesha. Alimweka mkewe kwenye usukani akamwambia akanyage mafuta, na injini ikiwa inanguruma alifungua kichwa kimoja cha betri, kile kinachoshika waya, akakinyanyua juu watu wote wakakiona. Injini haikuzima. Gari lilikuwa likijipa umeme lenyewe.

"Betri si hii nimeitoa?" alimuuliza mwenye gari. "Sasa nani anawasha? Nimekudanganya?"

Miaka ile kila mtu alikuwa amedanganywa na mtu. Mafuta ya taa yalitiwa maji, unga ulichanganywa na vumbi la pumba, na fundi aliweza kutoa kifaa kizima kwenye gari lako akakurudishia kibovu, nawe ukamshukuru. Kwa hiyo mtu anayefungua kichwa cha betri mchana kweupe mbele za watu alikuwa mtu wa kutajwa. Wapita njia walisimama kutazama. Semeni, muuza bagia wa jirani, aliacha karai lake likiungua.

"Kanyaga, Mama Noa!" alipiga kelele. "Mumeo anataka kutoa roho ya gari aichezee!"

Na Dorkasi, mkewe, alikanyaga, mwanawe Noa ameketi pembeni anakula muwa. Hakujua kuendesha gari hata hatua moja. Alijua kukanyaga tu, na kuachia akiambiwa basi.

Fanueli alikuwa Msambaa wa Bumbuli, lakini Bumbuli hakuilima. Baba yake aliteremka kukata mkonge huku Muheza, naye akakulia kwenye gereji ya shamba, kati ya matrekta na Landrova. Fundi mkuu wa pale, mzee aliyebakiwa na vidole vitatu mkono wa kulia, ndiye aliyemfundisha. Alimfundisha kubonyeza mkanda kwa dole gumba ajue kama umelegea. Alimfundisha kunusa, maana dainamo, mashine inayolipa gari umeme, ikiungua inanuka kama ukoko wa uji wenye sukari. Alimfundisha kufuata waya kwa balbu ndogo, kipande kwa kipande, mpaka pale balbu inapogoma kuwaka. Na mwisho wa yote akampa kile kipimo cha kichwa cha betri. "Hiki hakisemi uongo," mzee alimwambia. Na kweli hakikusema uongo, kwenye dainamo.

Shamba lilipodorora, Fanueli alikuja mjini na mke na spana zake. Fidahussein, mwenye duka la misumari na rangi, akampa banda la mabati uani kwake, pamoja na chumba kimoja kilichoegemea banda hilo. Sharti lilikuwa moja tu: gari la duka litengenezwe kwanza kuliko la mtu mwingine yeyote. Humo bandani ndimo walimopata riziki, na katika chumba kile ndimo, miaka mingi baadaye, binti yao Loveness alimozaliwa.

Ilikuwa miaka ya shida. Spea hakuna. Zile kaboni, vijiwe vyeusi vinavyosugua ndani ya dainamo ili umeme upite, zikiisha hukuwa na pa kuzipata. Dorkasi alipita nyumba kwa nyumba akiomba betri za tochi zilizokufa. Alizipasua, akatoa kile kijiti cheusi cha katikati, akakisugua kwenye sakafu ya saruji mpaka kikawa na umbo alilotaka mumewe. Vidole vyake vilikuwa vyeusi hata kanisani. Mama mmoja aliwahi kumwambia, "Dorkasi, siku hizi unapika mkaa au unaula?" Akacheka naye. Hakuona haya. Magari yalitembea Tanga hii kwa vijiti alivyosugua yeye.

Kisha ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa kutoka nje. Madukani kukajaa vitu, na bandarini kukaanza kushuka magari ya Kijapani yaliyokwisha kutumika. Hayo hayakuwa na dainamo. Yalikuwa na altaneta. Fanueli alifungua ya kwanza, akaigeuza, akaichungulia, akacheka.

"Dainamo imevaa suti," alisema. "Kazi ni ileile."

Lakini haikuwa ileile. Alitengeneza, gari likawaka vizuri, likapimwa mbele za watu, likaenda zake. Baada ya siku mbili au wiki mbili linarudi, taa ya chaji inawaka nyekundu mbele ya dereva, betri imekauka. Si yote. Mengine yalikaa salama miezi. Hilo ndilo lililompoteza. Ubovu ungekuwa wa kila gari angeushtukia mapema. Akafungua, akakuta ndani kumeungua, akatikisa kichwa. "Umeuziwa feki, ndugu yangu. Hawa watu wanatuletea takataka." Akaitupa altaneta ile chini ya meza.

Aliyeumia kuliko wote alikuwa Mathew, dereva teksi wa Mabawa. Gari lile alilipata kwa kuuza shamba la mama yake. Liliungua altaneta mara tatu mikononi mwa Fanueli, na mara ya tatu Mathew aliliweka juu ya mawe, akarudi kukata mkonge. Kabla ya kuondoka alipita bandani kuaga.

"Wewe hukunionea, fundi," alisema. "Ulinionyesha kila kitu kwa macho yangu."

Dorkasi aliyasikia maneno hayo akiwa anakamua nguo, na hayakumtoka.

Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisoma mpaka darasa la saba, akaolewa. Ila alikuwa na jicho. Aliona kwamba kombi la parokia, la Sista Benedikta, lilitengenezwa altaneta mwaka juzi na halijarudi mpaka leo. Tena lilikuwa kuukuu kuliko mengi. Sista huyo alikuwa mwoga wa cheche kupita kiasi. Fanueli aliposhika spana afungue kichwa cha betri, Sista alipiga ishara ya msalaba akarudi nyuma. "Fundi, mambo yako ya moto usinionyeshe! Nimeamini bila kuona." Akawasha, akaondoka.

Na lile lori la mbao la Korogwe, nalo la altaneta? Siku lilipotengenezwa mvua ilinyesha kubwa, hapakuwa na mtu wa kutazama, Fanueli hakulipima. Nalo halikurudi.

Siku moja, akimnawisha mumewe mikono kwa majivu, alijaribu.

"Baba Noa, mbona kombi la Sista haliji?"

"Linaombewa asubuhi na jioni, litaharibikaje?"

"Na la mbao?"

"Hilo ni la Mpare, linaogopa gharama." Akacheka mwenyewe. Dorkasi akamwagia maji mikononi.

Mwaka uliofuata Fidahussein naye akaagiza pikapu. Aliisubiri miezi minane. Ilipofika, taa nyekundu ilikuwa inawaka. Alimwita Fanueli, naye Dorkasi alikuwa amesimama mlangoni na mtoto.

"Fundi, watu watatu wamekuja dukani kwangu kukulalamikia. Nimewaambia Fanueli si mwizi. Na mwizi si wewe, najua. Lakini jina la banda ni jina langu pia, bana. Pikapu hii nataka kuipeleka Kigombe kila wiki na mzigo. Ikinilaza njiani, banda nitampa mtu mwingine, na chumba. Sikutishi. Nakwambia ili usije ukasema hukuambiwa."

"Haitalala, bwana Fidahussein."

"Inshallah. Nisaidie nisiaibike."

Dorkasi hakuwahi kumwona mumewe akifanya kazi kama siku mbili zile. Alibonyeza mkanda, ulikuwa mzima. Akafuata waya mmoja mmoja kwa balbu yake. Akakwangua kutu mahali waya wa betri unaposhika bodi. Ndipo akaishusha altaneta, akaifungua juu ya gunia safi, akakuta kaboni zimelika mpaka zimebaki kama kucha. Safari hii hakutumia kijiti cha tochi. Alikwenda mjini akarudi na kaboni mpya zimefungwa kwenye karatasi, akazilinganisha na zile kuukuu kwenye mwanga, akazisugua kidogo upande mmoja zikae sawa. Akarudisha kila kitu. Akawasha.

Taa nyekundu ikazima.

Dorkasi alikuwa kwenye usukani, aliiona ikizima. Gari limepona. Lingeweza kwenda Kigombe na kurudi miaka kumi.

Lakini watu walishaanza kukusanyika. Fidahussein ametoka dukani na miwani kichwani, mkewe Kaneez anachungulia dirishani juu. Semeni yupo. Fanueli akawa anapangusa spana kwa tambara, anatabasamu tabasamu lake la kazi.

Loveness akacheua. Dorkasi akafungua kile kisanduku kilicho mbele ya kiti atafute karatasi ya kumfuta. Akakuta kitabu chembamba, maandishi yake kama vijiti vilivyoangukiana, hakuna hata herufi moja aliyoijua. Kilifunguka chenyewe kwenye picha. Betri. Injini, na vimstari kuizunguka kuonyesha kwamba inatikisika, inawaka. Mkono wa mtu na spana, unafungua kichwa cha betri. Na juu ya mkono ule msalaba mkubwa mwekundu, kama ule ambao mwalimu huweka kwenye hesabu uliyokosa.

Kombi la Sista likamjia, na lori la mbao, na Mathew anavyoaga.

"Mama Noa! Kanyaga!"

Dorkasi akatoa kichwa dirishani. "Baba Noa, hebu njoo kwanza uone hiki."

"Nini?"

"Njoo tu. Usifungue kwanza."

Watu wakaguna. "Mwee!" Semeni akadaka. "Leo mwenye spana nani, mwenye kanga nani? Fundi, umeshapinduliwa!"

Kicheko kikazagaa ua mzima. Hata Fidahussein alicheka, ila akatazama saa yake. Fanueli akamwangalia mkewe pale dirishani. Dorkasi alijiandaa kwa hasira, hasira angeiweza. Hakuona hasira. Macho yale yalikuwa yanamwomba. Watu watatu wamemlalamikia, jina lake liko chini, na hiki ndicho kitu pekee duniani anachojua kukifanya ili aaminiwe.

Akakanyaga.

Taa za mbele zilimulika nyeupe kupita kawaida, ukutani kukang'aa ijapokuwa jua lilikuwa kali, kisha zikarudi. Injini haikuzima. Watu wakapiga makofi. Fanueli alinyanyua kichwa cha betri juu, anazunguka nacho taratibu kila mtu akione, anasema maneno yake yaleyale. Dorkasi alikuwa akisikia harufu. Ndogo sana. Ukoko wa uji wenye sukari.

Akatazama taa ya chaji. Jua lilikuwa linampiga machoni. Alidhani anaona wekundu hafifu mle ndani, kama kaa lililofukiwa jivuni, lakini hakuwa na hakika, na Fidahussein alishafungua mlango, anamwambia, "Shuka mama, ahsante, nimeona, nimeridhika." Akashuka. Kitabu kilishuka naye, ndani ya kanga, na mtoto.

Pikapu ililala kesho yake njiani kutoka Kigombe. Iliburutwa na trekta mpaka uani. Fidahussein hakufoka. Afadhali angefoka.

"Mpaka mwisho wa mwezi, fundi," alisema, na kuingia dukani.

Fanueli aliifungua altaneta, akachungulia ndani, akaanza kusema: "Feki. Hata hii wamemuuzia..."

"Si feki," Dorkasi alisema. Akamwekea kitabu juu ya gunia.

Fanueli alikitazama. Alikigeuza kichwa chini miguu juu, kama vile picha ingeweza kusema jambo jingine. Jua la saa nane lilikuwa limepasha mabati, banda zima linatoa mlio. Kisha akapiga magoti, akaanza kuvuta zile altaneta zilizokuwa chini ya meza, moja baada ya nyingine, akizipanga.

"Hii ya mwalimu," alisema. "Hii ya yule bwana wa forodhani." Akafika kwenye tatu zilizofanana. Akaziweka pembeni. Dorkasi alijua ni za Mathew.

"Wewe uliligundua lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Siku nyingi sasa." Halafu akaongeza, maana hakutaka kumdanganya: "Na juzi nilikuwa nimekishika mkononi."

"Na ukakanyaga."

"Nikakanyaga, Baba Noa."

Fanueli alirudi kuzipanga. Hakumlaumu siku ile wala siku yoyote. Alikwenda mpaka Mabawa kwa miguu kulitafuta gari la Mathew, akakuta mawe tu. Ndugu zake walishaliuza kama chuma chakavu.

Siku tatu kabla ya mwezi kwisha, Dorkasi ameshafunga vyombo kwenye magunia, iliingia Landrova ya zamani, ya dainamo. Mwenyewe alikuwa mzee wa Pongwe, mteja wa tangu miaka ya shida. Dainamo ilikuwa haichaji. Fanueli alishughulikia mkanda, waya, kaboni. Dorkasi akapanda kwenye usukani kama kawaida. Injini ikawaka, taa ikazima.

"Haya fundi," mzee alisema, ameweka mikono nyuma. "Nifungulie basi nione. Nimekuja na mjukuu wangu nimwonyeshe."

Kwenye dainamo hakuna madhara; ni altaneta ndiyo inayoungua betri ikitolewa injini ikiwaka. Fanueli alilijua hilo, Dorkasi alilijua. Alishika spana, akaipachika kwenye nati ya kichwa cha betri. Semeni aliinua kichwa, kisha akarudi kugeuza bagia zake.

Dorkasi aliweka mguu kwenye mafuta akangoja kuitwa. Kupitia mwanya chini ya boneti aliona mgongo wa mumewe, umeinama, na spana bado iko kwenye nati. Injini ilikuwa inaendelea kunguruma. Akangoja. Mzee wa Pongwe akakohoa. Fanueli akaichomoa spana, akaiweka juu ya bodi, akafunika boneti polepole mpaka ikabana.

"Nenda tu, mzee," alisema. "Kuonyesha nimeacha. Ukiona haliendi, mtafute fundi mwingine alitazame."